Kwa wadogo zangu mnaoanza kuhangaika na naitrojeni

Wadogo zangu, kilichonipotezea muda mwingi mwanzoni ni kudhani kifungo kigumu kati ya atomi mbili huvunjwa kwa nguvu. Nami nimekulia Tanga, kwenye mkonge! Kamba ya nyuzi tatu ukiivuta utachubuka viganja bure. Aliyezoea huishika ncha, akaisokotoa, nyuzi zikaachana zenyewe.

Naitrojeni nayo ni atomi mbili zilizofungwa kwa nyuzi tatu, yaani vifungo vitatu. Kuzikata zote ni kilojuli 945 kwa moli, na sehemu kubwa ya hizo huliwa na uzi wa kwanza peke yake. Viwanda vya mbolea, vinapogeuza naitrojeni kuwa amonia, hupambana nao kwa kichocheo cha chuma, joto la sentigredi 400 na zaidi, na mgandamizo mkubwa. Mfuko wa urea mnaouona Muheza umeanzia huko.

Kampleksi ya metali ya mpito, yaani atomi ya metali kama molibdeni iliyozungukwa na molekuli zinazoishikilia (ligandi), husokotoa. Hupokea elektroni mbili za naitrojeni, halafu huipa zake kwenye obiti, yaani nafasi ya elektroni, ambayo elektroni zikiingia, kifungo hulegea. Mwaka 1995 wanakemia Laplaza na Cummins, kule Marekani, walitumia atomi mbili za molibdeni: kila moja ilishika ncha yake na kutoa elektroni tatu. Myeyusho wa rangi ya chungwa uligeuka zambarau kwenye baridi kali, na ulipoachwa upate joto la kawaida la chumba ukawa wa dhahabu. Naitrojeni imeshagawanyika.

Msizidharau ligandi. Zile zilikuwa nene makusudi. Zingekuwa nyembamba, molibdeni zingeng'ang'aniana zenyewe na naitrojeni ikabaki mgeni mlangoni.

Unyevu sasa. Mnajua chumvi ya mezani kwetu inavyolowa wakati wa masika? Kampaundi hizi hazisubiri hata hivyo. Niliwahi kujiambia kiyeyushi "kimekauka vya kutosha"; kazi ya wiki tatu ikawa maji ya kahawia nikiwa bado nimeshika chupa. Kausheni, pimeni, kausheni tena. Na mkiwa mnatengeneza kampleksi yenyewe, tumieni argoni: wengi huzoea kujaza naitrojeni kwenye vyombo kama gesi isiyo na madhara, wakati hapa ndiyo inayoliwa.

Mkifanikiwa kugeuza naitrojeni kuwa amonia, msipige simu nyumbani kwanza. Rudieni jaribio kwa gesi ya naitrojeni-15, ile nzito kidogo inayotofautishika na ya kawaida, muone kama ndiyo iliyoingia kwenye amonia. Amonia yangu ya kwanza, niliyoitangaza kwa mbwembwe mbele ya maabara nzima, naitrojeni yake ilitoka kwenye ligandi.