Kabla Hujakubali Giaboksi Ishushwe

Jumatatu iliyopita msomaji mmoja anayeishi Rongai aliniandikia kwamba Corolla yake ya mwaka 1998 huangusha oili kila usiku, na kwamba fundi wake amekwisha kukata shauri: sili ya nyuma ya krenkishafti (ule mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili mkuu wa injini unapotokezea) imekufa, giaboksi ishushwe, na mwenye gari atafute shilingi 22,000. Alichotaka kujua ni kama bei hiyo ni ya haki. Niliusoma ujumbe huo nikiwa katika chumba cha walimu, vitabu vya kusahihishwa vikiwa vimenirundikia mbele, na kazi ikanishinda kwa muda, kwa sababu miezi minane iliyopita nililipa fedha za namna hiyo kwa gari la namna hiyo, na oili ikaendelea kudondoka kana kwamba hakuna aliyeligusa.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1999 yenye injini ya 5A, nililouziwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu. Najua wengi wenu mnaonisoma mna nia kama yangu, yaani gari lililokwisha kulipiwa, lisilodaiwa na benki, litunzwe mpaka limalize kusomesha watoto. Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia jioni ile bawabu wa ploti yetu hapa Umoja aliponisimamisha langoni na kuniambia, "Mwalimu, gari lako linatuchafulia kabro." Nilidhani mambo yangeishia hapo. Kesho yake mwenye nyumba alituma picha ya doa hilo kwenye vile vitofali vya uani kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, namba yangu ya usajili ikionekana wazi, na chini yake jirani mmoja akaweka vikaragosi vitatu vya kucheka. Bado tunasalimiana naye, ila salamu zangu zimepungua urefu.

Siku hiyohiyo nililipeleka gari kwa fundi mmoja kando ya Outering Road. Alilala chini ya gari kwa muda usiozidi dakika moja, akatoka na kidole kimoja cheusi, akanionyesha kama daktari anayeonyesha picha ya mfupa. "Madam, hii ni sili ya nyuma. Hakuna njia nyingine." Sikuuliza swali hata moja. Mimi, ninayewaambia wanafunzi kila siku kwamba jibu lisilo na hatua za kazi halipewi alama, nililipa shilingi 18,500 kwa jibu lisilo na hatua za kazi. Sitawachosha na habari za siku mbili zilizogeuka kuwa sita, wala za matatu nilizopanda kati ya hizo. Gari lilirudi, nikalala usingizi mzuri, na siku ya tisa tone jipya likawa palepale kwenye kabro. Niliporudi kwa fundi yule alicheka mbele ya vijana wake akasema, "Madam, gari la zamani lazima litoe jasho." Fedha nimekwisha kuzisamehe. Kicheko kile bado sijakisamehe, na pengine ndicho kinachoandika makala haya.

Kwa haki yake, kosa lake ni kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kwa urahisi. Sili ya nyuma hukaa pale injini inapoungana na giaboksi, na ikivuja, oili hutokea kwenye kiungo hicho na kudondoka. Lakini katika injini hii ya 5A, distributa, kile kifaa kinachozigawia plagi umeme, nayo imefungwa upande huohuo, juu kabisa, kwenye kichwa cha injini. Oili inayotoka pale huteremka ukutani mwa injini, hufika juu ya giaboksi, huzunguka, na hatimaye huning'inia mahali palepale ambapo oili ya sili ya nyuma ingening'inia. Mtu anayetazama kutoka chini peke yake hawezi kuzitofautisha.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries, niliyeelekezwa kwake na mwalimu wa fizikia. Alifungua boneti, akatazama kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea, kisha akakataa kushika spana. "Mama, injini hii ni chafu. Mimi siwezi kusoma kitabu kilichomwagikiwa uji. Nenda ukaioshe, urudi." Niliudhika kidogo, maana nilitaka kazi ianze, lakini nilikwenda. Injini iliachwa ipoe kwanza, kwa kuwa maji baridi juu ya chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Distributa na altaneta nilizifunika kwa karatasi za mkate, kwa kuwa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 karatasi ya mkate ndiyo nailoni iliyosalia katika nyumba nyingi. Injini ilipokwisha kuoshwa na kukauka kabisa, mzee alichukua poda ya kawaida ya mtoto mchanga, akaipuliza upande wote wa distributa, ukingoni mwa kifuniko cha tapeti (kile kinachofunika injini kwa juu), kuzunguka filta na kwenye kiungo cha giaboksi, mpaka injini ikafanana na andazi lililonyunyiziwa sukari. Kisha akaniambia niliendeshe mpaka Githurai na kurudi.

Tulipofungua boneti tena, sikuhitaji kuelezwa. Karibu poda yote ilikuwa nyeupe na kavu. Chini ya distributa tu ilikuwa imegeuka tope la kahawia, na kutoka hapo mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu uliteremka moja kwa moja mpaka juu ya giaboksi. Kwenye kona moja ya kifuniko cha tapeti palikuwa na unyevu mwingine, mdogo zaidi. Pale ambapo nililipa shilingi 18,500, yaani kwenye kiungo cha giaboksi, poda yote iliyokuwa nje ya njia ya mstari huo ilikuwa kavu.

Mzee hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipojua kwamba nimempata mwalimu. Alichomoa vali ya kupumulia ya injini, ile iliyochomekwa kwenye kifuniko cha tapeti na kuunganishwa kwa mpira, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Vali nzima hulia tik-tik kwa sababu ya kidude kinachocheza ndani yake. Yangu ilikuwa imegandishwa na masizi. Alinieleza kwamba katika kila injini gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia chini inakokaa oili, na kazi ya vali hiyo ni kuiacha ivutwe tena ikaunguzwe. Vali ikiziba, gesi hukosa njia, shinikizo hupanda, na oili husukumwa nje kupitia popote palipo dhaifu. Ungebadilisha sili na gasketi zote, ukaiacha vali hiyo imeziba, na baada ya muda ungerudi kusafisha kabro.

Vipuri nilivinunua mwenyewe Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenye umri wangu bado tunaiita Grogan: oringi ya distributa, yaani pete yake ya mpira, shilingi 150, gasketi ya kifuniko cha tapeti pamoja na ringi za visima vya plagi (matundu zinamokaa plagi) 1,200, na vali 1,000. Jumla ni shilingi 2,350. Naomba mzilinganishe fedha hizo na zile za kwanza, kwa sababu mimi huzilinganisha karibu kila siku.

Distributa niliitoa kwa mikono yangu, mzee akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Boliti zake hupita kwenye matundu marefu, na ukiigeuza kidogo tu unabadilisha wakati wa plagi kupiga moto, kwa hiyo ni lazima uweke alama kabla ya kulegeza chochote. Mzee alikuwa akitafuta msumari wa kukwaruzia. Nilifungua mkoba nikatoa Tipex na kuchora mstari mweupe uliokata distributa na kichwa cha injini. Alitikisa kichwa akasema, "Hiyo sikuwahi kuiona." Oringi ya zamani, ambayo ilipaswa kuwa laini na kuvutika, ilikatika vipande vitatu mkononi mwangu kama tambi kavu. Mpya niliipaka oili, nikairudisha distributa, nikailinganisha na alama yangu, na injini ikawaka mara ya kwanza.

Chini ya kifuniko cha tapeti tulikuta mambo mengine mawili. Visima viwili vya plagi vilikuwa na oili, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya injini kumisi, yaani kuunguruma kwa kusitasita, asubuhi za baridi, ugonjwa nilioutibu kwa kununua plagi mpya mara mbili. La pili ni silikoni nyekundu, iliyopakwa kwa ukarimu na fundi fulani wa zamani, ikiwa imetokeza ndani kama minyoo. Vipande hivyo vikikatika huanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Silikoni huwekwa kidogo tu kwenye pembe, mahali vifuniko vya kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) vinapokutana na kichwa cha injini, na nati hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu ukizikaza kwa hasira unapinda kifuniko na kuharibu gasketi mpya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, osheni injini kwanza. Nasema tena, osheni. Angalieni rangi ya tone kwenye katoni safi iliyolala chini ya gari usiku kucha, kwa maana jekundu laweza kuwa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na si ya injini kabisa. Anzeni juu, mteremke. Msikubali kuongezewa oili nzito ili "ishike", kwa kuwa tundu linabaki palepale. Wala msidharau tone dogo, kwa maana oili ikifika kwenye mkanda wa taimingi huuharibu, na ikidondokea bomba la moshi lenye moto mtasikia harufu kabla ya kuona jambo baya zaidi. Na jamani, mwulizeni fundi maswali. Hata akicheka.

Wewe wa Rongai, sisemi kwamba sili yako ya nyuma ni nzima, kwa kuwa sili hizo pia huzeeka. Ninachosema ni kwamba bei si swali lako la kwanza. Mwambie fundi aoshe, apulize poda, aitikise ile vali yako masikioni mwako, na akuonyeshe kiungo cha giaboksi kimelowa huku kila kitu juu yake kikiwa kavu. Hapo mlipe na ashushe giaboksi. Asipotaka, Kariobangi si mbali sana na Rongai ukiamka mapema. Kisha niandikie uniambie poda imelowa upande gani.