Re: Mungu wa Yona ndiye huyo huyo wa Nahumu?

Ndugu wa Kayole, umeuliza vipi Mungu aliyeisamehe Ninawi, mji wa Waashuri, katika kitabu cha Yona aiangamize katika kitabu cha Nahumu. Anza na Kutoka 34:6-7, usiishie mstari wa 6 kama wahubiri wengi wa mabasini hapa Nairobi. Mstari wa 6 unasema Mungu si mwepesi wa hasira. Wa 7 unaongeza kwamba mwenye hatia hahesabiwi kuwa hana hatia. Sasa linganisha: Yona 4:2 inanukuu nusu ya kwanza (tena kwa kulalamika!), Nahumu 1:3 inabeba zote mbili. Chanzo ni kimoja.

Kilichobadilika ni Ninawi. Kwa Yona walipewa siku 40 wakatubu, mfalme akakaa majivuni. Nahumu anaukuta mji wa damu, umejaa uongo na unyang'anyi (3:1). Ulianguka mwaka 612 KK. Kanuni yenyewe iko Yeremia 18:7-10, na inakata pande zote mbili: taifa likigeuka, Mungu anaghairi mabaya, likiharibika, anaghairi mema.

Jambo moja zaidi: kwa ufalme wa Yuda uliokandamizwa na Waashuri, hukumu hiyo ilikuwa rehema. Soma Nahumu 1:12-13.