Mwekezaji wa nyumba na leseni ya udalali

Ndugu yangu, umeuliza kama uchukue leseni ya udalali kwa kuwa umeanza kununua nyumba za kupangisha. Kwa kawaida, kununua au kuuza mali yako mwenyewe hakuhitaji leseni. Inahitajika ukiuza au kununua kwa niaba ya mtu mwingine kwa malipo.

Faida ipo, hasa kamisheni. Ila sehemu nyingi, dalali mwenye leseni anayejinunulia lazima amweleze muuzaji kwamba yeye ni dalali mwenye leseni kabla ya kusaini. Mjane anayeuza nyumba aliyoachiwa na mumewe akisikia hilo, anaweka kalamu chini, anataka aongee na wanawe kwanza. Na ana haki kabisa! Jiulize kama uko tayari kwa hilo.

Ukinunua nyumba moja kwa miaka miwili, mlipe dalali mwaminifu. Ukinunua kila mwezi, kasome.