Kutuma pawabanki kutoka Dubai kuja Dar kwa ndege

Kaka, ulivyouliza, "nikizifungia katikati ya nguo si zitapita?" Usijaribu. Pawabanki huhesabiwa kuwa betri peke yake, isiyo ndani ya kifaa, yaani UN3480 (namba ya kimataifa ya bidhaa hatari kwa betri za lithiamu za namna hiyo), hata kama ina waya na taa. Mzigo wa namna hiyo umepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Unaenda kwa ndege ya mizigo tu, chaji isizidi asilimia 30, na boksi libandikwe lebo ya daraja la 9 la bidhaa hatari (ile ya mistari myeusi juu na picha ya betri chini) pamoja na lebo ya "ndege ya mizigo pekee". Muuzaji akupe pia karatasi ya kipimo cha UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu. Akianza kujizungusha, achana naye. Iliyovimba haipandi ndege kabisa.

Simu mpya zenye betri ndani ni UN3481, hizo masharti yake ni nafuu.

Pawabanki yako mwenyewe ya kutumia safarini ibebe mkononi, si kwenye begi la kukabidhi. Kikomo bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100 (wati-saa, kiasi cha nishati ya betri): chukua mAh zilizoandikwa kwenye pawabanki, mfano 20,000, mara volti 3.7, gawa kwa 1,000, unapata 74. Inapita.