Niliwahi kusimamia mashine za kujilipia supamaketi: haya ndiyo niliyosikia kwa wateja

Mleta uzi ameuliza kama mashine za kujilipia kwenye supamaketi, zile unazoskani na kulipa mwenyewe bila keshia, zinatusaidia sisi wanunuzi, au ni duka tu linajipunguzia mishahara. Wachangiaji wamegawanyika kama kawaida: wapo wanaoapa hawarudi tena kwa keshia, na wapo wanaosema hizo mashine hawazigusi hata kwa kulipwa. Nimeona nichangie kwa kirefu kwa sababu nimekaa pande zote. Nilikuwa keshia, baadaye nikahamishiwa kusimamia mashine hizo hizo, na sasa ni mteja tu kama nyie.

Niseme mapema ninaposimama. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachoamua utoke dukani umeridhika au umenuna ni vitu viwili: kuna mtu wa kutosha kando ya mashine, na kaunta za keshia zimeachwa wazi ngapi. Duka likikosea hapo, hata mashine ya kisasa namna gani itachukiwa.

Tuanze na kasi, maana ndiyo sifa inayotajwa kuliko zote. Ukweli ni kwamba kwa kitu kimoja kimoja, keshia mzoefu anakuacha mbali. Anajua bakodi ya kila bidhaa iko upande gani, mkono mmoja unavuta na mwingine unasukuma, wala hatazami skrini. Mteja kwenye mashine anageuza boksi mara tatu akitafuta mistari, anaskani, anaweka kwenye sehemu ya mfuko, anasubiri mashine ikubali, ndipo anashika kingine. Sasa kwa nini watu wengi wanaona mashine ni ya haraka?

Sababu ya kwanza ni foleni. Kwa keshia kila kaunta ina foleni yake, na ukiangukia nyuma ya mtu mwenye bidhaa isiyo na bei, umekwama naye. Kwenye mashine kwa kawaida kuna foleni moja inayohudumiwa na mashine nyingi, kwa hiyo mmoja akikwama, wengine wanasonga, na hakuna aliyekuja nyuma yako anayekupita. Hata bila mashine, duka likiamua foleni moja igawanywe kwa makeshia wote, malalamiko yanapungua sana. Sababu ya pili iko kichwani mwetu. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa biashara, David Maister, aliandika kuhusu saikolojia ya foleni na akaeleza kwamba muda wa kusubiri ukiwa huna la kufanya huonekana mrefu kuliko muda ule ule ukiwa na shughuli. Ukiwa unaskani mwenyewe, huhesabu dakika. Ukiwa umesimama unatazama kisogo cha mtu, unazihesabu zote.

Kwa hiyo mwenye vitu vichache mkononi anafaidika kweli. Mwenye toroli lililojaa anajitesa na anatutesa waliopo nyuma. Sehemu ya kuwekea mfuko ni ndogo, vitu vinaanza kuporomoka, akiondoa mfuko mmoja apate nafasi mashine inapiga kelele. Mwezi Machi 2024 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliweka ukomo wa vitu 10 kwenye mashine zake katika maduka yake mengi, na mimi nasema hilo lilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Sasa hizo kelele. Wengi mmezilalamikia hapa, na nadhani ukijua zinakotoka utakasirika kwa usahihi zaidi. Chini ya ile sehemu ya mfuko kuna mizani. Kila bidhaa dukani imeandikwa uzito wake kwenye kumbukumbu za mfumo. Ukiskani kitu cha gramu 400, mashine inategemea gramu 400 ziongezeke pale chini, na isipoziona, au ikiona zaidi, inasimama. Ndiyo maana ukiweka begi lako zito la kubebea kabla hujaiambia mashine kuwa umekuja na begi, inagoma. Mtoto akiegemea, inagoma. Ukinunua kitu chepesi kama kadi ya salamu, mizani haikihisi, inagoma. Na kuna hii ambayo wateja hawaijui kabisa: kiwanda kikibadilisha ufungaji, uzito unabadilika, na kama ofisini hawajarekebisha ule uzito kwenye mfumo, kila atakayenunua bidhaa hiyo siku hiyo ataonekana mkosaji. Kuna wiki tuliteseka na aina moja tu ya sabuni. Kila ikipita, taa nyekundu. Tulipeleka taarifa ofisini, tukajibiwa inashughulikiwa, na wateja waliendelea kusonya.

Hiyo taa nyekundu juu ya mashine ndiyo iliyonifundisha wateja wanachochukia hasa. Alikuja mzee mmoja, nguo zimenyooka, ana vitu vitano au sita. Akafuata maelekezo vizuri kuliko vijana wengi. Kitu cha mwisho kikakataa, taa ikawaka, foleni nzima ikageuka kumtazama. Nikasogea, nikamwambia, "Shikamoo mzee, usijali, ni mizani tu." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akasema, "Mwanangu, nimelipa madukani tangu hujazaliwa. Leo nawashiwa taa kama nimeiba?" Nikabonyeza ruhusa, taa ikazima, akalipa. Kitu chenyewe kilikuwa pakiti ya betri. Baada ya hapo nilikuwa namwona dukani, lakini anapanga foleni kwa keshia hata kama mashine zote ziko tupu.

Ukikaa pale muda mrefu unagundua wanaosema "mashine ngumu" mara nyingi hawamaanishi ugumu. Wanabonyeza simu zao siku nzima. Wanamaanisha wanatuhumiwa mbele za watu kwa kosa la mizani, halafu hakuna anayewaomba radhi. Na siku hizi maduka mengine yameongeza geti la kutokea ambalo halifunguki mpaka uskani risiti. Umefanya kazi ya keshia, umejifungashia mwenyewe, sasa thibitisha kuwa si mwizi. Hata mimi niliyefanya kazi huko linanikera.

Duka nalo lina hofu yake, tusiwe wa upande mmoja. Wizi upo. Kuna anayepitisha kitu cha ghali akibonyeza picha ya kitu cha rahisi kwenye bidhaa za kupimwa, na kuna anayeskani kimoja akaweka viwili. Adrian Beck wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, ambaye amechunguza upotevu wa mali madukani kwa miaka mingi, amewahi kueleza kwamba mfumo huu humpa mtu kisingizio kilicho tayari: mashine ilikataa, sikuona, nilidhani imeingia. Na ugumu wenyewe ni kwamba wengi wanaosema hivyo wanasema kweli. Msimamizi hana namna ya kujua nani ni nani. Akiwa peke yake na mashine nyingi, taa tatu zinawaka kwa mpigo, atabonyeza ruhusa ya zote kwenye skrini yake bila kuangalia mfuko wa mtu. Hapo mwizi amepita, na yule mwaminifu ameshaaibika. Hasara mbili kwa mshahara mmoja uliookolewa.

Kuhusu ajira, mchangiaji mmoja kaandika kwamba keshia wameondoka kabisa. Kwa nilivyoona, kazi haikuondoka yote, iligawanywa upya. Sehemu kubwa kapewa mteja bure. Kilichobaki kapewa mtu mmoja ambaye sasa ni mwalimu, mlinzi, fundi wa karatasi ya risiti, na mwangalizi wa umri wa wanaonunua pombe. Nikiwa keshia nilikaa na nilikuwa na mteja mmoja kwa wakati. Kule kwenye mashine unasimama zamu nzima, unaitwa na kila upande, na kila anayekuita tayari ana hasira. Hakuna anayekuita kukusalimia. Wateja walikuwa wananiuliza, "Kwa kuwa nimefanya kazi mwenyewe, napunguziwa kiasi gani?" Ni swali la haki kabisa na sikuwahi kupewa jibu la kuwapa.

Ila wale wanaosema tulikuwa tukihudumiwa kwa kila kitu mpaka mashine hizi zilipokuja, hapo historia haiwaungi mkono. Zamani hata kuchukua bidhaa rafuni haikuwa kazi ya mteja: unatoa orodha yako, karani anakuletea. Duka la Piggly Wiggly la Clarence Saunders, lililofunguliwa Memphis, Marekani, mwaka 1916, ndilo lililovumisha mtindo wa mteja kuzunguka na kikapu akijichukulia. Bakodi ilianza kusomwa kwenye kaunta ya supamaketi mwezi Juni 1974 huko Troy, Ohio, na mashine za mwanzo za kujilipia, kazi ya David Humble, ziliwekwa kwenye duka la Kroger karibu na Atlanta mwaka 1986. Kila hatua ilihamisha kazi kidogo kuja kwetu, na ile ya kujichukulia rafuni tuliipenda kwa sababu ilitupa kitu: kuchagua kwa macho yetu.

Na hizi mashine zinawapa watu kitu pia, jambo ambalo wapinzani wake hawalizungumzii. Nitawapa mfano wa dada mmoja aliyekuwa mteja wetu wa kila mara. Alikuwa anaskani polepole, macho kwenye jumla. Ikikaribia kiasi alichonacho, anasimama, anaangalia vilivyobaki kikapuni, anachagua kimoja, vingine ananiletea. "Kaka, hivi nirudishie." Basi. Kwa keshia ile ile hali ingekuwa ni kusema kwa sauti "toa hicho, toa na hicho" huku watu wanasikiliza. Wapo wanaonunua vitu vya faragha wasiotaka mtu avishike na kuvitazama. Wapo viziwi ambao skrini inawaeleza vizuri kuliko keshia anayeongea huku ameinama. Na wapo ambao wametoka kazini hawataki kuongea na kiumbe, na hiyo ni haki yao.

Upande wa pili yupo asiyeona, ambaye skrini ya kioo laini haina chochote cha kupapasa. Yupo aliye kwenye kiti cha magurudumu na mashine imewekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Na yupo mpweke. Msicheke, nilipokuwa keshia nilikuwa na wazee ambao naamini salamu yangu ndiyo iliyokuwa mazungumzo yao marefu ya siku. Uholanzi supamaketi za Jumbo zilianzisha mwaka 2019 kaunta maalumu kwa wasio na haraka, wanaotaka kupiga soga na keshia, na kampuni ikaamua kuzisambaza kwenye maduka mengi zaidi. Uingereza nako, mwezi Novemba 2023, kampuni ya supamaketi ya Booths ilitangaza kuondoa mashine hizo karibu katika maduka yake yote, ikabakiza mawili tu. Mkurugenzi wake alieleza kuwa wateja wamewaambia mashine ni za polepole, hazitegemeki, na hazina ubinadamu. Sisemi kila duka lifuate. Booths ni kampuni ndogo na huduma ya mtu kwa mtu ndiyo biashara yake. Lakini wale wanaotuambia hili halirudi nyuma, limerudi.

Kwa hiyo mleta uzi, kama duka lenu linapokea maoni, usiwaandikie "hatutaki mashine", maana watakuona mtu wa kale na barua itaishia kabatini. Waulize mambo yanayojibika. Saa za msongamano kaunta ngapi za keshia zinafunguliwa? Msimamizi mmoja anaangalia mashine ngapi? Uzito ukikosewa kwenye mfumo, unarekebishwa ndani ya muda gani? Nimekaa upande ule, nawaambia hayo ndiyo maswali yanayomfanya meneja akune kichwa.

Wewe mwenyewe ukitumia mashine, angalia bei inapotokea kwenye skrini, hasa za ofa, kwa sababu ofa iliyobandikwa rafuni wakati mwingine haijaingia kwenye mfumo na hakuna keshia wa kuliona hilo kwa niaba yako. Ukiona umeskani kitu mara mbili, usiondoe kimyakimya, mwite msimamizi akifute. Na chukua risiti hata kama huihitaji.

Yule aliyeuliza kwa nini mashine nyingi hazipokei noti: kipokea noti na kitoa chenji ni ghali, kinakwama noti ikiwa imekunjamana, na kinahitaji mtu wa kukifungua, kukimwaga na kukihesabu. Mashine ya kadi na simu haina usumbufu huo, ndiyo maana duka linaipenda. Kwa mwenye pesa taslimu hiyo maana yake ni foleni ya keshia, ambayo imebaki moja. Kabla hujapanga foleni ya mashine tazama kibao kilicho juu yake au pembeni mwa skrini, kwa kawaida kimeandikwa inapokea nini. Kama hakuna kibao, muulize msimamizi kabla hujaanza kuskani.