Kumkubali si kumtamani

Mdogo wangu, umeuliza kama kumwaza kila siku yule dada anayeongoza kwaya yenu ni tamaa. Si lazima. Nilipokuwa nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kulikuwa na mama mmoja mchuuzi. Anamvunja dagaa mmoja, ananusa, anakwambia walianikwa mchangani au kwenye chanja, na kama mvua iliwapiga. Nilikuwa nawahi alfajiri nimtazame tu akichagua. Nilitaka kuwa kama yeye, basi. Na wengine wakimsifu, nilifurahi kama nimesifiwa mimi.

Baadaye nikampenda binti mwingine palepale. Huyo sikujali anajua nini. Nilitaka anitazame mimi, na akicheka na mabaharia wa mitumbwi roho inaniuma.

Wewe jiulize hivi: kesho kwaya ikipata kiongozi mwingine anayejua kazi kama yeye, utaendelea kuwahi mazoezini?