Damu Kurudi Si Ushahidi Kwamba Katheta Imefika Mahali Pake

Alikuwa mtoto njiti wa kilo 1.2, mishipa ya mikono haionekani. Niliingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye vena ya kitovu (mshipa unaopeleka damu moyoni), damu ikarudi vizuri, nikafunga uzi na kuanza dripu. Eksirei ilipigwa asubuhi. Ncha ilikuwa imepinda kulia, imezama ndani ya ini. Tuliitoa na mtoto hakudhurika, lakini picha ile sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo nawaomba madaktari tarajali na wauguzi wenzangu: dripu isubiri picha. Sukari kali ikimiminika ndani ya ini huliunguza. Ncha ikizidi kwenda mbele hadi moyoni, mapigo huvurugika, au maji huvujia kwenye mfuko wa moyo na kuubana. Ncha ya katheta ya vena inatakiwa ikae juu kidogo ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), pale vena kuu ya chini inapoingia moyoni. Dharura ya kumfufua mtoto ni jambo jingine: hapo ingiza sentimita 2 hadi 4 tu, damu ikirudi, toa dawa.

Ukikata kitovu, tazama kwa utulivu kabla ya kugusa. Vena ni moja, pana, ukuta wake mwembamba, mdomo wazi. Ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ni mbili, ndogo, nyeupe, ngumu, zimejikunyata. Ateri itanue polepole kwa ncha ya koleo dogo. Ukiwa na haraka utaichana.

Kipimo ninachotumia cha urefu wa kuingiza: uzito kwa kilo mara 3, jumlisha 9, ni sentimita za katheta ya ateri. Nusu ya hapo jumlisha 1 ni za vena. Kwa mtoto yule ni 12.6 na 7.3, halafu unaongeza urefu wa kitovu kilichobaki. Haya ni makadirio, si zaidi. Jaza katheta maji ya chumvi kwanza, hewa isiingie. Ikigoma, usisukume, rudisha nyuma kidogo, ujaribu tena taratibu.

Baada ya picha unaweza kuivuta nje, lakini kuisukuma ndani zaidi hapana, kwa sababu sehemu iliyokuwa nje imeshapoteza usafi. Kama imeishia pafupi, weka mpya.

Na kwa katheta ya ateri, usimfunike mtoto miguu ukaondoka. Kila unapopita, angalia vidole. Vikiwa vyeupe au vya bluu na rangi hairudi, itoe.